Fort Jesus ya mchana na ya jioni: maoni ya fundi cherehani wa Kibokoni

Asiye na wakati na asome hapa aishie: Makumbusho ya Fort Jesus, kwa maonyesho yake ya mchana, ni mahali pazuri pa kupitisha asubuhi moja. Lakini kama waweza kuchagua, subiri siku yenye mhadhara. Na ukibahatika kusikia pana usiku wa muziki, acha shughuli zako uende. Vitu vilivyomo kwenye makabati yale vyataka mtu wa kuvisemea, na mtu huyo hupatikana jioni zaidi kuliko mchana.

Mie ni fundi wa mabuibui na makanzu. Duka langu liko Kibokoni, hapa Mombasa, na kutoka kwenye cherehani hadi lango la Ngomeni ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha kashata. Hata hivyo wenyeji tuna tabia ya kuikumbuka ngome tukiletewa wageni. Binamu akishuka kutoka Dubai, shemeji akija na watoto kutoka Nairobi, ndipo twajitia kuijua: hapa mzinga, pale bahari, haya pigeni picha, twende tukale viazi karai. Nayaandika haya kwa ajili ya watu wa namna yetu. Mtalii ana kitabu chake na mwongozaji wake, hanihitaji.

Nianze na maonyesho, ingawa sitakaa huko sana. Ngome yenyewe ndiyo kitu cha kwanza cha kutazamwa. Wareno waliianza 1593 wakaimaliza 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 UNESCO wakaiingiza katika urithi wa dunia. Kuta za matumbawe ni nene kiasi kwamba hata Februari, jua likiwa utosini, ukiingia kwenye ujia wa lango wasikia ubaridi shingoni. Mifupa ya nyangumi watoto wataikimbilia wenyewe, huna haja ya kuwaonyesha. Nyumba ya Waomani, iliyojengwa juu ya buruji la San Felipe, ina vito vya fedha na majambia, na aliyewahi kushona nguo za bibi harusi atasimama hapo kuliko wenziwe. Mie nilisimama. Ukumbi wa Mazrui, ukoo ulioushika mji huu karibu karne nzima mpaka 1837, niliupita upesi, si kwa ubaya wake ila kwa kuwa habari zile twazisikia barazani kila siku, na huko barazani zina matusi pia.

Vitu viwili vilinizuia. Cha kwanza ni mabaki ya merikebu ya Santo António de Tanná. Ilijengwa Bassein, Bara Hindi, ikabeba mizinga 42, na Oktoba 1697 ikazama hapa hapa mbele ya ngome. Ikalala kwenye tope karibu miaka 280, mpaka wapiga mbizi na wanaakiolojia wakiongozwa na Robin Piercy walipoichimbua kati ya 1977 na 1980. Mbao za mwili wake walizipima, wakazichora, kisha wakazifukia tena palepale chini ya maji, maana mbao zilizolowa muda wote huo zikikaushwa hivi hivi zasinyaa na kupasuka. Vilivyopandishwa juu ndivyo vilivyomo makabatini: kauri za Kichina, mitungi, vifaa vidogo vidogo vya mabaharia. Unatazama sahani ambayo ingeweza kuwa kabatini kwa mavyaa wako, kisha unasoma kwamba ilikuwa baharini tangu kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Cha pili ni michoro ya ukutani. Askari na mabaharia wa Kireno walichora kwa mkaa na udongo mwekundu: merikebu, watu, makanisa, samaki. Ni kazi ya watu waliochoka kungoja. Mwanangu, yuko kidato cha pili na hajui kunyamaza, alisema aliyechora hawezi kuchora watu hata kidogo, lakini merikebu anazijua, kamba zote ziko mahali pake. Sina la kuongeza kwa maneno hayo.

Sasa mihadhara, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike simu kuandika.

Habari za ule nilioupenda kuliko yote zilinifikia kwenye kikundi cha WhatsApp cha kina mama tunaosaidiana harusini. Mzungumzaji alikuwa mtafiti, mtu wa makamo mwenye kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono (niliikagua kabla sijasikia neno lake hata moja, tundu zake zilikuwa sawasawa). Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Alizungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na alipotaka kusoma barua ya Kireno alisoma tafsiri yake tu, hakutuchosha kwa kuonyesha anajua.

Mada ilikuwa kule kuzingirwa kukubwa. Sote tuliosoma shule za hapa twajua kifupi chake: majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yalifika Machi 1696, yakaizingira ngome, na Disemba 1698 yakaingia. Miezi 33. Shuleni hadithi ilikuwa ya Wareno na Waarabu, kama kwamba pwani nzima ilikwenda likizo ikawaachia uwanja wapigane. Bwana huyu alianza kwa kuuliza: ndani ya ngome walikuwa kina nani? Akajibu mwenyewe. Askari wa Kireno walikuwa wachache mno tangu mwanzo. Waliojaa mle ndani walikuwa watu wa pwani waliokuwa upande wao, pamoja na wake zao na watoto wao. Mwaka 1697 maradhi yakaingia, na maradhi hayakuchagua. Wareno wakafa mmoja baada ya mwingine, nahodha wao naye akafa, na mnamo Agosti mwaka huo hakukubaki Mreno wa kuamuru.

Basi aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, mji wa visiwani Lamu. Alikuwa na watu 17 wa ukoo wake, wanaume 8 Waafrika na wanawake 50 Waafrika. Hao ndio waliozuia jeshi la Oman kwa majuma kadhaa, mpaka Septemba ilipofika merikebu ya msaada kutoka Goa, makao ya Wareno Bara Hindi. Na miongoni mwa merikebu za msaada huo ndimo alimokuwamo Santo António, yule tuliyemwona vipande vipande makabatini, aliyekuja kuzama mwezi uliofuata.

Watu walinyamaza. Kisha mama mmoja nyuma yangu akauliza swali ambalo nadhani sisi wanawake wote tulikuwa nalo mdomoni: hao hamsini, majina yao? Mzungumzaji akasema hayakuandikwa. Idadi yao imeandikwa, ya wanaume wanane imeandikwa, jina la Bwana Daud limeandikwa. Mama yule akasema, "Wanane kwa hamsini, na walioshika ngome ni kina nani?" Ukumbi ukacheka, lakini hakuwa akifanya mzaha.

Yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko mhadhara wenyewe, na hapa ndipo nawaomba waandaaji wa mihadhara kokote waliko waache muda wa kutosha wa maswali. Kijana mmoja alimwita Bwana Daud msaliti, kwa kuwapigania Wareno. Mzee mmoja mwenye lafudhi ya visiwani Lamu akainuka taratibu, akatoa salamu, akamwambia, "Mwanangu, Faza na Pate hawakuanza leo. Pate walikuwa na Waomani. Ulitaka Faza waende wapi?" Akakaa. Mzungumzaji akakubali kwamba uhasama wa miji ile miwili ulikuwa wa zamani, na kwamba kila upande ulimtafuta mgeni wa kumtumia dhidi ya jirani. Kijana hakuridhika, akataja habari za Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno Goa wakampa jina la Jerónimo, kisha 1631 akawageuka na kuwaua humu humu ngomeni. Kwa nini Daud asifanye hivyo? Mjadala ukaendelea hadi bawabu akaanza kuchezesha funguo.

Kesho yake nilirudi mchana, peke yangu, kazi nikamwachia msaidizi. Sikwenda kwenye makabati. Nilikwenda kwenye birika ambalo Wareno walilijenga la kukusanyia maji ya mvua, nikasimama nikipiga hesabu za nyumbani: watu wote wale, miezi yote ile, jua la Mombasa, na kila aliyefua, aliyepika na aliyeosha maiti alitegemea mvua. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona birika, na nimelipita tangu utotoni. Hiyo ndiyo faida ya mhadhara. Kama wenye makumbusho watasoma, ombi langu ni dogo: wale hamsini na Bwana Daud wapewe pembe yao ndani ya ngome, hata kama hakuna kitu cha kuweka kabatini. Maneno yaliyosemwa jioni ile yatosha kujaza ukuta.

Kumtoa mavyaa wangu nyumbani aende kwenye usiku wa muziki kulikuwa kazi nyingine. Kwake yeye Ngomeni ni jela. Na kweli ilikuwa gereza tangu 1895 mpaka 1958, na yeye ni mtoto wa miaka ile ya mwisho, enzi ambazo mtoto mtundu alitishwa kwa kuonyeshwa ukuta. "Mwanangu, mie sijaiba," aliniambia, "waniingiza ndani kwa kosa gani?" Mjukuu wake akamwambia, "Nyanya, tutatoka saa nne." Akavaa.

Kundi lililoandaa lilikuwa la watu binafsi waliopewa uwanja, nami silitaji kwa sababu ya lawama nitakazozitoa mbele. Jambo la busara walilofanya ni kuanza baada ya Isha, hivyo hakuna aliyekuwa akiangalia saa. Viti vilipangwa uani, hewa ya bahari ikipita juu ya kuta.

Nusu ya kwanza ilikuwa ya muziki wa Kizungu wa kale. Vijana wanne, wawili na fidla, mmoja na fidla kubwa kidogo ya begani, mmoja na ile ya kukumbatia iitwayo chelo, wakapiga Haydn na Mozart. Nakiri nilikuwa nimejiandaa kusinzia. Haikutokea. Vyombo vinne vile vyasemezana: mmoja atoa neno, mwingine alichukua, wa chini alibeba. Hakuna anayeimba, lakini wasikia nani anakubali na nani anabisha. Watu walipiga makofi katikati, kila kipande kilipokwisha, na nilimwona jamaa mmoja wa mstari wa mbele akikunja uso kutuonyesha kuwa hatujui adabu. Vijana wenyewe walitabasamu. Mie nasema makofi hayajawahi kumuua mpiga fidla.

Kilichofanya usiku ule uwe na maana ni kwamba walioupanga waliwaweka wapiga taarabu baada tu ya hao vijana, hivyo fidla ile ile tuliisikia kwa mikono miwili. Ya vijana ilikuwa safi, kila sauti imekatwa kwa mkasi. Ya mzee wa taarabu ilikuwa ikiteleza. Haisubiri zamu yake. Mwimbaji akivuta pumzi fidla imeshaingia kumjibu, na akirudi yatembea naye bega kwa bega kwenye sauti moja. Na zile sauti zilizo katikati ya sauti, ambazo makamu za Kiarabu, yaani mipangilio yao ya sauti, zazitaka, fidla yaweza kuzitoa kwa kuwa shingo yake haina vizuizi vya kuwekea vidole. Udi ni hivyo hivyo. Mpiga udi alianza na taksimu, ule upigaji wa kubuni papo hapo, peke yake, pole pole, akijaribu mlango huu na huu, na mavyaa wangu, aliyekuja kama mfungwa, akasogea mbele ya kiti. Wanaomkumbuka Zein l'Abdin, aliyetutoka 2016, wanajua udi ukipigwa hivyo watu hunyamaza wenyewe.

Kisha wakaingia kwenye upande wa pili wa taarabu ya Mombasa, ule wa lahani za Kihindi, wa enzi za mwimbaji Juma Bhalo: tabla, kinanda cha kupepea kwa mkono, na tashkota. Hapo kinanda hakina taabu, maana funguo zake hazina zile sauti za katikati, na lahani zenyewe hazizidai sana. Lakini mwenye usiku alikuwa tashkota. Wasioijua: ni nyuzi juu ya ubao, na vitufe vya kubonyeza mfano wa taipureta. Kilibuniwa Nagoya, Japani, 1912, kikapitia Bara Hindi, kikaja kuolewa Mombasa, na sijui mji mwingine uliokipenda hivi. Sauti yake ni kali, yachoma, na ikigonga kuta zile za matumbawe yarudi kukuchoma mara ya pili. Mavyaa aliinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la leso tangu nyumbani. Kumbe alikuja amejiandaa.

Sasa lawama. Mtu wa mitambo ya sauti, wa kukodiwa, aliongeza mwangwi kwenye vipaza sauti. Ndani ya ngome! Kuta zenyewe ni mwangwi tosha, na yeye akaongeza wa umeme juu yake, matokeo yake katika nyimbo mbili za mwanzo maneno yote yalivurugika. Taarabu bila maneno ni hasara: mtunzi amepanga vina na mizani, amefumba fumbo lake, nawe waambulia "aaa". Mzee wa udi ilibidi asimame aende mwenyewe kumwambia apunguze. Kwa uwanja ule, na umati ule, nadhani wangeweza kuzima kabisa.

Lawama ya pili ni nzito kidogo. Kabla ya taarabu waliitwa kina mama wa vugo, wakaja na pembe zao na vijiti, wakapewa muda mfupi kama wa kutangaza biashara, wakaondolewa. Kina mama watu wazima, wamevaa leso za sare, wanapiga pembe na kuimba zile nyimbo za harusini zenye ulimi mkali, na ndio kwanza wameanza kuwaka, mshereheshaji akachukua kipaza sauti kuwashukuru. Wanawake uani walikuwa wameshaanza kuitikia. Mie nilikuwa na mhadhara ule kichwani, na wale hamsini, na nilipowaona kina mama wakigonga pembe katikati ya ngome nilitaka waachwe mpaka wachoke wenyewe. Vijana wa Mozart walipewa nusu nzima, na walistahili. Vugo nayo ni muziki wa kale wa mji huu, isifanywe kitafunio cha kungojea chakula.

Jambo jingine nililoliona wakati wa mapumziko: yule binti wa fidla wa kundi la vijana alikwenda kuchuchumaa pembeni ya mzee wa taarabu, akimwomba amwonyeshe jinsi ya kuteleza. Mzee akamshika kidole akakisukuma juu ya uzi. Alikosa, akacheka, akajaribu tena. Walikuwa bado hapo tulipoitwa kukaa.

Kwa anayetaka nyota: maonyesho nawapa nne kati ya tano, mhadhara tano bila kufikiri, muziki nne na nusu, mitambo ya sauti moja, na hiyo moja ni kwa sababu ilizimika salama mwisho.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na mtoto hajaichezea. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, chukua kitambulisho. Ngazi na sakafu ya mawe si rafiki wa viatu vya kisigino, na kwa mzee mwenye magoti mabovu omba kiti karibu na lango mapema. Msimu wa kusi upepo hupiga kweli baada ya giza, bebeni mitandio. Watoto wa chini ya miaka mitano nawashauri wabaki nyumbani siku ya mhadhara, lakini usiku wa muziki waje tu, uwanja ni mkubwa na hakuna atakayewakemea isipokuwa yule jamaa wa mstari wa mbele. Chakula kilichouzwa ndani siku ile kilikuwa ghali na kimepoa. Kula mshikaki wako nje kwanza, uingie umeshiba.

Na kurudi nyumbani: wote hutoka kwa wakati mmoja, na wenye tuktuk walijua hivyo. Patana bei kabla hujaingia, au mpigie unayemjua akungoje upande wa Treasury Square, si langoni. Sisi tulitembea, kwa kuwa mavyaa alitaka kupita kwa dada yake Mkanyageni kumwambia kwamba ameingia jela na ametoka, na kwamba Ijumaa ijayo kama kuna jambo atakwenda tena, naye dada avae.